Bei Halisi ya Huduma Moja: Kuendesha Shirika Lisilolenga Faida kwa Nidhamu ya Biashara

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zilianza kufika kwenye ofisi za mashirika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huohuo, USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilikuwa imefungwa rasmi na kilichosalia kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Yako mashirika yaliyowaaga wafanyakazi wote. Yako mengine yaliyobana, yakapunguza, lakini yakaendelea kuhudumia watu. Ukubwa wa mfadhili aliyeondoka ulichangia tofauti hiyo, lakini yalichangia pia mambo ambayo mwenye duka Kariakoo anayajua bila kufundishwa: kila anachouza kinamgharimu kiasi gani, pesa iliyoko benki ni ya nani, na itatosha hadi lini.

Wapo wanaohofu kwamba hesabu za namna hii zikiingia kwenye kituo cha watoto yatima au kliniki ya kijiji zitafukuza huruma. Historia inaonyesha vingine. Fazle Hasan Abed, aliyeanzisha BRAC nchini Bangladesh mwaka 1972, alikuwa mhasibu aliyesomea London na kufanya kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Shirika hilo leo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani, na tangu 2006 linafanya kazi Tanzania na Uganda. Uhasibu haukumpunguzia Abed huruma. Ulimwezesha kuwafikia watu wengi zaidi kwa pesa ileile.

Anza, basi, na hesabu moja ambayo mashirika mengi hayajawahi kuifanya: gharama kamili ya kumhudumia mtu mmoja mpaka mwisho.

Chukua mfano wa kubuni wa shirika la Lindi linalofundisha ushonaji wasichana 60 kwa mwaka. Vitambaa na nyuzi ni shilingi milioni 9. Walimu wawili, kila mmoja laki sita kwa mwezi, ni milioni 14.4. Chakula cha mchana ni milioni 10.8. Jumla ni milioni 34.2; gawanya kwa 60, unapata shilingi 570,000 kwa msichana mmoja. Hiyo ndiyo tarakimu inayoingizwa kwenye andiko la mradi, nayo si ya kweli. Kodi ya jengo ni milioni 6. Umeme, maji na intaneti ni milioni 2.4, mhasibu wa muda milioni 4.8, mkaguzi wa hesabu milioni 3. Mkurugenzi analipwa milioni 12 kwa mwaka na nusu ya muda wake inaishia kwenye mafunzo haya, kwa hiyo milioni 6 ni za hapa. Vyerehani 20 vilivyonunuliwa kwa shilingi 750,000 kila kimoja vitachakaa baada ya miaka 5, maana yake kila mwaka vinakula milioni 3 hata kama hakuna hati ya malipo iliyoandikwa. Jumla mpya ni milioni 59.4, sawa na shilingi 990,000 kwa kila msichana.

Bado hesabu haijaisha. Kati ya wasichana 60 walioanza, 45 tu ndio waliomaliza wakiwa wanaweza kushona sare ya shule ambayo mzazi atainunua. Gawanya milioni 59.4 kwa 45 na kila mhitimu amegharimu shilingi 1,320,000, zaidi ya mara mbili ya ile iliyoandikwa kwenye andiko.

Tofauti hiyo lazima ilipwe na mtu. Hulipwa na mhasibu ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili, na michango ya NSSF isiyopelekwa, na cherehani kilichokaa pembeni kwa kukosa mkanda. Mfanyabiashara akiuza chini ya gharama bila kujua, mtaji unakatika na anafunga. Shirika huchukua muda mrefu zaidi kuona, kwa sababu wanaoumia ni watu wavumilivu.

Faida kubwa ya hesabu hii ni kwamba inakuonyesha pa kushika. Katika mfano wa Lindi, jicho lisiende kwenye intaneti wala chakula; liende kwa wasichana 15 walioacha. Waulize kwa nini. Kama wengi wao ni mama wachanga wasio na pa kuwaacha watoto, kumwajiri mlezi kwa milioni 3 kwa mwaka kutaongeza matumizi hadi milioni 62.4. Lakini wahitimu wakifika 55, kila mmoja atakuwa amegharimu takriban shilingi 1,135,000. Shirika limetumia zaidi na huduma imekuwa nafuu. Bodi inayotazama jumla ya matumizi peke yake ingeukataa uamuzi huo.

Wafadhili nao wana sehemu yao katika tatizo. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard walieleza katika jarida la Stanford Social Innovation Review jinsi mduara unavyozunguka: mfadhili hutarajia gharama za uendeshaji ndogo kupita kiasi, shirika huzipunguza au kuzificha ili lisikose ruzuku, na taarifa hizo zilizopunguzwa humthibitishia mfadhili kwamba matarajio yake ni sahihi. Mwaka hadi mwaka ofisi inazidi kudhoofika. Kumekuwa na mabadiliko kidogo. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, ziliinua kiwango cha msingi cha gharama hizo kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Ushauri kwa anayeandika andiko ni huu: kodi ya darasa ni gharama ya mafunzo, iweke kwenye mafunzo; muda wa mkurugenzi anaosimamia mradi uandikwe kwenye mradi. Mwombe mfadhili sera yake kwa maandishi kabla ya kujaza bajeti. Na ruzuku inayolipa pungufu ya gharama halisi isipokewe mpaka bodi iseme pengo litazibwa kwa pesa ipi.

Mfano unaofaa kusomwa kwa makini kuliko mingine yote uko Madurai, kusini mwa India. Mwaka 1976 Dk. Govindappa Venkataswamy, aliyekuwa amestaafu utumishi wa serikali akiwa na miaka 58, alifungua hospitali ya macho yenye vitanda 11. Aliipa jina Aravind. Upofu wa mtoto wa jicho ulikuwa umetapakaa vijijini, upasuaji wake ulijulikana, na wagonjwa hawakuwa na pesa. Venkataswamy aliona kwamba kitu adimu kuliko vyote katika chumba cha upasuaji ni muda wa daktari, kwa hiyo kila kazi isiyohitaji daktari akaitoa mikononi mwake. Wasichana wa vijijini walifundishwa kupima macho, kuandaa mgonjwa na kumhudumia baada ya upasuaji. Meza mbili ziliwekwa pamoja. Daktari akimaliza jicho moja, mgonjwa wa pili yuko tayari. Kila daktari wa hospitali hiyo anaweza kufanya pasuaji zaidi ya 2,000 kwa mwaka.

Wenye uwezo hulipa. Malipo yao huwagharamia wasio na uwezo, na madaktari ni walewale kwa makundi yote mawili. Kinachotofautiana ni chumba na kitanda. Lenzi za kupandikizwa zilikuwa kikwazo, kwa kuwa zikiagizwa nje zilifika dola 100 na zaidi. Mwaka 1992 Aravind ikaanzisha kiwanda chake, Aurolab, na bei ikashuka hadi takriban dola 10, kisha ikaendelea kushuka. Mtu asidhani somo hapa ni kwamba kila shirika lijenge kiwanda. Somo ni utaratibu wa kufikiri: tafuta kitu kimoja kinachobana huduma yako, uliza kwa nini ni ghali, halafu elekeza nguvu hapo kabla ya kuomba pesa zaidi za kuendelea vilevile.

Kujua gharama ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua pesa inaingia lini. Shirika linaweza kuwa na mikataba ya milioni 300 na likashindwa kulipa mshahara wa Machi, kwa sababu awamu ya pili ya mfadhili inasubiri taarifa ya robo mwaka ambayo inasubiri risiti kutoka wilayani. Dawa yake ni karatasi moja yenye safu 12, kila safu mwezi. Juu andika kiasi kilichopo, kisha kinachotegemewa kuingia, kisha kinachotoka, na chini baki. Pesa ya mfadhili iandike kwenye mwezi ambao uzoefu unaonyesha hufika, hata kama mkataba unasema itafika mapema zaidi. Mwezi ambao baki linakuwa hasi utauona miezi mitano kabla, wakati bado kuna nafasi ya kuahirisha semina au kumpigia simu mfadhili. Karatasi hiyo isasishwe kila mwezi na ifike mbele ya bodi pamoja na taarifa ya matumizi.

Kwenye karatasi hiyohiyo tenganisha pesa za aina mbili. Pesa ya mradi ina masharti: ya visima ni ya visima. Pesa isiyo na masharti ndiyo ambayo shirika linaweza kuitumia kwa uamuzi wake. Ukiona milioni 80 benki na milioni 76 kati yake ni za visima, shirika lako lina milioni 4. Tabia ya kukopa kimyakimya kutoka mradi mmoja kulipia mwingine ndiyo inayoanzisha kesi nyingi za matumizi mabaya ya fedha, hata pale ambapo hakuna aliyetia shilingi mfukoni.

Hatari ya kuishi bila akiba ilionekana London. Asasi ya Kids Company ya huko iliwahudumia watoto walio katika mazingira magumu tangu 1996. Ilipendwa na mawaziri na watu mashuhuri, na ilipokea zaidi ya paundi milioni 40 za ruzuku kutoka serikali kuu kwa miaka mingi. Iliendelea kukua bila kujiwekea akiba ya maana, ikiishi ruzuku hadi ruzuku. Mwanzoni mwa Agosti 2015, siku chache baada ya kupokea paundi milioni 3 za dharura, ilifunga milango ghafla na watoto wakabaki nje. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya London ilikataa ombi la kuwazuia wadhamini wake kushika uongozi wa kampuni, na hakukuwa na shutuma ya wizi dhidi yao. Hilo ndilo linalopaswa kumshtua kiongozi mwaminifu: shirika linaweza kufa bila mwizi.

Akiba ya miezi mitatu ya gharama za lazima, yaani mishahara, kodi na huduma muhimu, ni lengo linalofikika kwa shirika dogo likijipa miaka mitatu au minne. Itatoka wapi? Itatoka kwenye ada za wanachama, michango ya harambee, mapato ya kukodisha ukumbi, na sehemu ya gharama za uendeshaji ambayo mfadhili amekubali kulipa na shirika limeitumia kwa uangalifu. Sheria haikatazi shirika kubaki na ziada mwisho wa mwaka. Inachokataza ni kugawana. Pitisheni azimio la bodi linalosema akiba hiyo inaguswa kwa idhini ya nani na katika hali gani, na ifunguliwe akaunti yake.

Kuhusu ulinzi wa pesa, hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea Afrika Mashariki, kwa majina ya VICOBA na mengineyo, vingi vinafuata utaratibu unaofanana na ule ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, na mara nyingi sanduku linakaa nyumbani kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Wanawake ambao wengi wao hawakumaliza shule ya msingi hulinda mamilioni kwa njia hiyo, huku mashirika yenye ofisi na kompyuta yakimwachia mtu mmoja aombe malipo, aidhinishe, aandike hundi na atunze daftari.

Shirika lenye wafanyakazi wanne tu linaweza kugawa majukumu hayo. Anayeomba malipo asiidhinishe. Anayeidhinisha asishike pesa. Taarifa ya benki ilinganishwe na daftari kila mwezi na mtu wa tatu, ambaye anaweza kuwa mweka hazina wa bodi. Hundi isisainiwe kabla ya kujazwa, hata kama mwenye saini anasafiri. Masurufu ya safari yarejeshwe ndani ya muda uliowekwa, na asiyerejesha asipewe mengine, akiwemo mkurugenzi. Ununuzi wa kiasi kikubwa uwe na bei kutoka kwa wauzaji watatu ambao hawana undugu.

Bodi ndiyo inayofanya kanuni hizo ziwe na meno. Katika mashirika mengi machanga bodi ni mke wa mwanzilishi, mchungaji wake, na rafiki waliyesoma pamoja. Watu hao wanaweza kuwa wema, lakini hakuna atakayemuuliza mwanzilishi risiti iko wapi. Tafuta angalau mtu mmoja anayejua hesabu, mmoja anayejua sheria, na mmoja anayetoka kwa wale wanaohudumiwa. Kila mwaka wajaze fomu ya kutaja maslahi yao: nani ana kampuni ya usafiri, nani ana shemeji anayeuza vifaa. Mjumbe anayekuja kwa ajili ya posho ya kikao peke yake atajulikana haraka. Mshukuru na umwache aende.

Mfanyabiashara ana bahati moja: mteja asipopenda bidhaa, hanunui. Anayepewa bure hasemi. Hapa ndipo mashirika hukosea kwa gharama kubwa. Mwaka 2006 ilitangazwa kwa shangwe huko Marekani ahadi ya dola milioni 16.4 kwa PlayPumps, pampu za maji zinazoendeshwa na watoto wakizungusha pembea. Lengo lilikuwa pampu 4,000 barani Afrika kufikia 2010. Vijijini, kwa mfano Msumbiji, mambo yalikuwa mengine: watoto walichoka au walikuwa shule, na kina mama, wengine wazee, wakabaki kuzungusha gurudumu wenyewe. Pampu zilipoharibika vipuri vilikosekana. Kufikia 2010 mpango huo mkubwa ulikuwa umeachwa. Kina mama walewale wangeulizwa mapema, katika vijiji vichache tu, fedha nyingi zingeokolewa.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliuliza swali sahihi. Upasuaji wa fistula ulikuwa bure, lakini wanawake wengi wa mikoani hawakuja. Kilichowazuia mara nyingi kilikuwa nauli. Kuanzia 2009 hospitali ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake mikoani, ambao walimkatia mgonjwa tiketi na kupewa zawadi ndogo mgonjwa akishafika. Kituo ambacho huduma yake ni bure lakini vitanda viko wazi kijiulize mgonjwa anatumia nini kabla ya kufika mlangoni.

Kupima matokeo kunataka ukali wa aina hiyo. BRAC ilipoanza mwaka 1980 kuwafundisha kina mama wa Bangladesh kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa watoto wanaoharisha, haikuwalipa walimu kwa idadi ya nyumba walizopita. Wakaguzi walirudi kwa sampuli ya kaya na kumuuliza mama anakumbuka nini. Malipo ya mwalimu yalitegemea majibu hayo. Baadaye ilionekana kwamba wengi walikumbuka na wachache walitumia, na mafundisho yakabadilishwa, wanaume nao wakafikiwa. Linganisha na taarifa zetu nyingi zinazoishia kwenye idadi ya washiriki wa semina na orodha ya saini za posho.

Kuhusu kuanzisha biashara ya shirika, tahadhari. Mifano mizuri ipo. Amref Flying Doctors ya Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, ambayo chimbuko lake ni 1957, huuza huduma ya kusafirisha wagonjwa kwa kampuni za bima, watalii na wanachama wanaolipia mpango wa Maisha, na mmiliki wake ni Amref Health Africa. Zingatia kwamba inauza kile inachokijua kwa miongo mingi. Shirika la kutetea haki za wajane linalofungua nyumba ya wageni linaingia kwenye ushindani na watu ambao hawafikirii kitu kingine usiku na mchana. Biashara ya shirika iwe na vitabu vyake, meneja wake, na tarehe ambayo bodi itaifunga ikiwa bado inakula ruzuku. Saa za mkurugenzi zinazoishia huko zihesabiwe kama gharama.

Sheria nayo ina ratiba yake, na kuisahau ni kuhatarisha kila kilichotangulia. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 na marekebisho ya 2019, yanayotaka taarifa ya mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za 2018 ziliongeza kwamba mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Nchini Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Cheti cha usajili hakikupi msamaha wa kodi. Huo huombwa peke yake. Kodi ya mishahara na michango ya hifadhi ya jamii inadaiwa kwa shirika kama inavyodaiwa kwa kiwanda. Bandika tarehe zote ukutani na uandike jina la mhusika kando ya kila moja.

Usijaribu yote kwa mkupuo. Chagua huduma moja, ile inayokula pesa nyingi, kaa na mhasibu na mtu wa mradi mezani, mfanye hesabu ya gharama kamili ya mtu mmoja aliyehudumiwa hadi mwisho. Ipeleke kwenye kikao kijacho cha bodi pamoja na ile karatasi ya miezi 12. Kama tarakimu itawatisha wajumbe, msiipunguze. Mpelekeeni mfadhili ilivyo, pamoja na maelezo ya mnavyokusudia kuishusha.